Fahali Gizani: Njia ya Kuifikisha Fizikia ya Nadharia kwa Watu Wote



Nilipoalikwa Kathiani kuzungumza juu ya fizikia ya nadharia, ilmu ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa milki ya wachache wenye ubao, chaki na kiburi, niliikumbuka aibu iliyonipata zamani katika baraza kama hili, pale nilipofungua hotuba yangu kwa mlinganyo wa hisabati, na mama mmoja aliyekuwa akisuka kiondo akaniuliza, bila ufidhuli wowote, kama nimekwisha kuanza. Tangu siku ile mlinganyo huja mwisho, na pengine hauji kabisa.

Leo naanza na neno tulijualo sote. Tarehe 12 Desemba, 1970, nchi hii ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza kupata kuundwa mahususi kwa kuchungua eksirei zitokazo mbinguni, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisitufikie. Nayo, kwa kuiadhimisha siku ile, ikaitwa Uhuru. Mkuu wa uchunguzi ule, Riccardo Giacconi, alikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na kwa nini pwani yetu? Kwa sababu dunia hapa karibu na Ikweta huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi ielekeayo mashariki huipokea kasi hiyo bure. Nasi tulioketi hapa, juu ya viti visivyotikisika, twaenda nayo vivyo hivyo.

Miongoni mwa vitu vilivyochunguzwa na Uhuru ni kile kiitwacho Cygnus X-1, ambacho eksirei zake zilionekana kupepesa kwa muda usiofika hata sekunde moja, dalili ya kwamba zatoka mahali padogo mno. Wanafalaki wakatazama ubavuni pake, wakakuta nyota kubwa ikizunguka kila baada ya siku tano na nusu na kitu, na anayezunguka nayo haonekani.

Hapa ndipo ninapomwita mfugaji wa Kathiani anisaidie. Usiku wa giza, ukimwona mtu mwenye taa ameshika kamba, anavutwa huku na huku kwenye matuta ya shamba, humwoni mnyama aliye upande wa pili, lakini huna shaka yupo. Na kwa jinsi mtu yule anavyoyumba utajua kama ni ndama au ni fahali. Wanafalaki walifanya hivyo hivyo, na kipimo cha mwaka 2021 chasema fahali yule ana uzito wa majua 21 hivi. Kitu kizito namna hiyo, kilichobanwa mahali padogo namna hiyo, kilikuwa kimekwisha kukadiriwa kwa kalamu na karatasi na Karl Schwarzschild tangu 1916, kutokana na nadharia ya Einstein. Sisi twakiita shimo jeusi.

Lakini mwalimu mwaminifu hana budi kusema pia mfano wake unakoma wapi. Mbinguni hakuna kamba. Wala shimo jeusi si zimwi la kumeza ulimwengu, kama wasemavyo wale wapendao kuwatia watu hofu ili wasikilizwe. Lau jua letu lingegeuka shimo jeusi la uzito ule ule, tungekufa kwa baridi, naam, ila dunia ingeendelea na mzunguko wake kama kawaida. Kwa maoni yangu, kumstaajabisha mtu pasipo kumpa sababu ni kumdharau.

Naomba basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, Sikukuu ya Jamhuri ijayo, gwaride likisha, kila shule ya hapa itenge nusu saa ya kuwasimulia wazazi habari za Uhuru ile ya angani, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na wasusi wa vyondo wakaribishwe viti vya mbele, kwa kuwa maswali yao ndiyo tuyahitajiyo.