Kifungo cha Miezi Sita: Adhabu, Urekebishaji na Wanaorudi Gerezani

Mada kwa viongozi wa vijiji, wa dini na wa mabaraza ya kata, Murusagamba



Tarehe 9 Desemba 2019 Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Mkoa ulioongoza kwa idadi ulikuwa huu wetu wa Kagera, wafungwa 713. Dar es Salaam, pamoja na ukubwa wake wote, ilikuwa na 293. Kwa hiyo tukizungumzia magereza hapa Murusagamba, tunazungumzia watoto wa nyumba zetu.

Chukueni kijana wa miaka 22 aliyeiba mbuzi wa jirani akahukumiwa miezi sita. Sheria inampa msamaha wa theluthi moja akiwa na mwenendo mwema, kwa hiyo atatoka baada ya miezi minne. Miezi hiyo atalima, atachota maji na kukata kuni chini ya nyapara. Ufundi hataupata. Chuo cha ufundi cha Gereza la Ruanda, Mbeya, kinafundisha wafungwa useremala na ujenzi, lakini fundi hapikwi kwa miezi minne. Parole nayo haimhusu, maana Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 iliwalenga wenye vifungo virefu. Anachopata kwa hakika ni marafiki wapya, na baadhi yao wanajua mengi kuliko kuiba mbuzi.

Kisha anarudi kijijini. Shamba lake la migomba limeingiliwa na ndugu, mke amerudi kwao, na kila kuku anayepotea anaulizwa yeye. Vibarua vya kuchuma kahawa wanapewa wengine. Akipita usiku, wananchi wenye hasira kali wako tayari na mawe. Mtu wa namna hii atakula nini wiki ya pili? Akiiba tena tunasema jela haikumsaidia, wakati sisi wenyewe tulikwisha kumfungia kila mlango.

Najua mwenye mbuzi yumo humu ukumbini. Mbuzi yule alikuwa ada ya mtoto, na uchungu wake ni wa haki. Adhabu lazima iwepo, na mnyang'anyi wa kutumia silaha au mbakaji simwombei njia ya mkato. Jamii inahitaji kulindwa dhidi yao. Ila mwenye mbuzi naye aulizwe kifungo kile kilimrudishia nini. Hakupata mbuzi wala fidia, na mwizi amerudi akiwa na njaa zaidi. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema kifungo kinatimiza lengo lake pale tu muda wake unapotumika kumwandaa mfungwa kuishi kwa kufuata sheria na kujitegemea. Kwa kifungo kifupi, maandalizi hayo hayapo.

Njia nyingine ipo kisheria. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu hakimu, badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu, kuagiza mkosaji afanye kazi za umma bila malipo huku akilala kwake. Mahakama ya mwanzo kwa kawaida haifungi zaidi ya miezi 12. Hesabu hiyo ni nyepesi: wengi wa wanaofungwa na mahakama zetu za mwanzo wangeweza kufikiriwa. Wangechimba msingi wa darasa na kufyeka barabara, na jioni wangepalilia mashamba yao. Mwenye mbuzi angemwona mkosaji akitoa jasho mbele ya macho yake, na fidia ingedaiwa kwa mtu mwenye shamba.

Lakini hakimu hawezi kumwachia mtu ambaye kijiji chake hakimtaki. Afisa wa huduma za uangalizi atauliza kwa mwenyekiti wa kitongoji, na jibu lenu ndilo litakaloamua. Mwaka 1994 wilaya hii ya Ngara iliwapokea Wanyarwanda takriban robo milioni waliovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Waliotoa kuni na maji kwa wageni wale hawawezi kusema hawana nafasi ya mtoto waliyemzaa.

Naomba basi kila serikali ya kijiji ifanye mambo matatu kabla ya msimu wa kilimo: iorodheshe kazi za umma ambazo mkosaji anaweza kupangiwa, iipeleke orodha hiyo kwa hakimu, na ilinde shamba la kila aliyeko gerezani mpaka atakaporudi.