Pesa Haichoti Maji



Hivi karibuni nilikwenda likizo kwetu Ngumbo, wilayani Nyasa. Nilimkuta mama yangu akipanda kutoka ziwani, ndoo kichwani, mkongojo mkononi. Nikamwuliza kama pesa ninazomtumia hazifiki. Akajibu: "Zinafika, mwanangu. Lakini pesa haichoti maji."

Tangu siku hiyo najiuliza, je, sheria ingeweza kumsaidia?

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 11, inaitaka Serikali iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa uzee. Maneno mazuri. Hata hivyo, Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, nayo sera si sheria.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Singapore ilitunga sheria mwaka 1995 inayomruhusu mzazi wa miaka 60 na zaidi, asiyejimudu, kudai matunzo kwa watoto wake. India ilifuata mwaka 2007. Zanzibar ilichagua njia nyingine: tangu Aprili 2016, Serikali inawalipa pensheni wazee wa miaka 70 na zaidi, hata wasiowahi kuajiriwa.

Hayo nayaunga mkono. Mzee aliyetupwa na watoto wenye uwezo, au mjane anayenyang'anywa shamba, anahitaji hakimu, si mahubiri. Na pensheni humfikia hata mzee asiye na mtoto wa kumshitaki.

Lakini tusidanganyane. Ni mama gani atakayefunga safari kwenda kumshitaki mwanawe? Akishinda atapata shilingi, na huenda akampoteza mtoto. Hakimu anaweza kuamuru fedha zilipwe. Hawezi kuamuru mtu akae na mama yake jioni, amwulize mguu unaendeleaje.

Mimi nikifikishwa mahakamani nitashinda, maana ujumbe wa kila fedha niliyotuma upo kwenye simu yangu. Mbele ya ndoo ile nilishindwa.

Kabla sijaondoka tulikaa kikao, mimi na ndugu zangu. Tumemwomba mpwa wetu achote maji kila siku, nasi tumlipie ada ya shule. Na kila miezi mitatu mmoja wetu ataenda nyumbani, kwa zamu. Zamu ya kwanza ni yangu.

Ndugu msikilizaji, kwenu zamu ni ya nani?