Tupime Uzito wa Barafu

Ndugu wanakisomo wa Kate, leo tupime kitu kisichoonekana: mgandamizo ndani ya barafu ya Kilimanjaro. Wataalamu walioitoboa mwaka 2000 walikuta mahali penye unene wa meta 50 hivi. Meta moja ya ujazo ya barafu ina kilo 900 hivi. Haya, zidisha mara 50: kilo 45,000! Ni magunia 450 ya mahindi, ya kilo 100 kila moja, juu ya meta moja ya mraba.

Uzito namna hiyo husogeza barafu polepole mteremkoni. Wataalamu huchomeka fito, kisha hupima zimesogea kiasi gani.

Basi, ndugu, hesabu hiyo hiyo twende nayo kwenye mizani ya mahindi yetu. Asiyejua kuzidisha hupunguziwa.