Bisie ni ya Nani? Maoni Juu ya Kuhesabu Mtaji wa Kigeni

 Leo tunazungumzia jambo linaloonekana kuwa la wataalamu wa Kinshasa, ingawa linatugusa kwanza sisi wa Kibua na wote wa teritwari za Masisi na Walikale: namna serikali inavyohesabu mtaji wa wageni. Kila mara tunaambiwa kwamba wawekezaji wa kigeni wameingiza mamilioni ya dola nchini Kongo. Msimamo wetu ni huu: hesabu hiyo haitatufaa mpaka itokane na uchunguzi unaouliza kampuni zenyewe, kwa njia ya kitakwimu na kwa nguvu ya sheria, mambo mawili ambayo mara nyingi hayaulizwi. La kwanza, mwenye mali wa mwisho ni nani? La pili, mali yenyewe iko katika teritwari gani?

Tuanze na mgodi unaojulikana na kila mtu hapa, yaani Bisie, katika teritwari ya Walikale, unaotoa kasiterite, madini ya bati. Mgodi huo uko mikononi mwa kampuni ya Alphamin Bisie Mining. Hisa zake zimegawanyika hivi: asilimia 84.14 ni za Alphamin Resources, asilimia 10.86 ni za shirika la maendeleo ya viwanda la serikali ya Afrika Kusini, na asilimia 5 ni za serikali ya Kongo. Alphamin Resources imeandikishwa Morisi, na hisa zake zinauzwa katika masoko ya Toronto na Johannesburg. Mwongozo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, toleo la 6 la mwaka 2009, unasema mgeni huhesabiwa kuwa mwekezaji wa moja kwa moja akiwa na angalau asilimia 10 ya kura katika kampuni. Waafrika Kusini wamevuka mpaka huo kwa chini ya asilimia 1. Wangekuwa na asilimia 9, fedha zao katika mgodi uleule zingeandikwa katika safu nyingine kabisa ya hesabu za taifa. Na sehemu kubwa ya Bisie, ukifuata mahali kampuni mama ilipoandikishwa, itaonekana ni mali ya Morisi, kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi. Hesabu hiyo haivunji kanuni yoyote, lakini mkaaji wa Walikale akiisoma hatajua anashughulika na nani.

Yaliyotokea mwaka 2025 yanaonyesha jambo hili waziwazi. Hadi wakati huo mwenye hisa mkuu wa Alphamin Resources alikuwa mfuko wa uwekezaji wa Marekani, Denham Capital. Mwaka huo kampuni ya Abu Dhabi, International Resources Holding, ilinunua hisa hizo, kama asilimia 56, kwa dola zipatazo milioni 367. Fedha hizo zilitoka kwa mnunuzi zikaenda kwa muuzaji, wote wawili wakiwa nje ya Kongo. Biashara hiyo haikuongeza shimo wala mashine hata moja huko Bisie. Hapo mtu wa takwimu anaweza kukosea kwa njia mbili. Anaweza kuandika milioni 367 kama mtaji mpya ulioingia Kongo, na huo utakuwa uongo. Au anaweza kuandika kwamba hakuna kilichobadilika kwa kuwa Morisi ni ileile, ilhali uamuzi juu ya mgodi mkubwa kuliko yote ya bati nchini umehama kutoka kwa Wamarekani kwenda kwa watu wa Ghuba. Dawa yake inajulikana. Tangu mwaka 2008 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, limezihimiza nchi zitoe hesabu mbili sambamba: moja kwa mwekezaji wa karibu, nyingine kwa mwekezaji wa mwisho. Katika dodoso, hilo ni swali moja tu la ziada.

Kuna kosa jingine, la kuchanganya ahadi na vitendo. Kampuni inapoomba misamaha ya kodi kwa ANAPI, wakala wa taifa wa kuvutia uwekezaji, huleta mpango wenye kiasi cha fedha inachokusudia kutumia. Kiasi hicho ni nia, na nia yaweza kutimia nusu, au isitimie kabisa. Uchunguzi wa kweli hufungua vitabu vya kampuni mwisho wa mwaka na kupima vitu vitatu: mtaji wa hisa uliolipwa, mikopo kati ya kampuni mama na kampuni tanzu, na faida iliyobakizwa bila kugawiwa wenye hisa. Hilo la tatu ndilo linalopotea kirahisi. Mgodi ukipanuliwa kwa faida yake wenyewe, hakuna dola inayovuka mpaka, kwa hiyo rekodi za benki hazioni kitu. Lakini kwa kanuni za kimataifa faida hiyo ni uwekezaji wa kigeni, kwa sababu mwenyewe angeweza kuichukua na ameamua kuiacha. Uzalishaji wa Bisie ulipanda kutoka tani kama 12,500 za bati mwaka 2023 hadi zaidi ya tani 17,000 mwaka 2024, baada ya kiwanda cha pili, cha Mpama South, kuanza kazi. Kisha Machi 2025 kazi ikasimama wakati wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipokuwa wakisonga kuelekea Walikale-centre, mji walioutwaa mwezi huohuo, na ikaanza tena Aprili. Faida na hasara za misukosuko ya namna hiyo zimo vitabuni mwa kampuni, na asiyeuliza kampuni hawezi kuzipima.

Sasa tuulize namna ya kuuliza. Kampuni za kigeni hazilingani hata kidogo. Chache ni kubwa mno na nyingi ni ndogo. Chukulia unataka kujua idadi ya ng'ombe wote wa Masisi, ukapiga kura kuchagua mashamba 10 kati ya 100. Kura ikiyaruka mashamba mawili makubwa, utatangaza kwamba ng'ombe wamekwisha. Ikiyaangukia yote mawili, utatangaza kwamba wamejaa hadi Walikale. Kwa sababu hiyo wataalamu hugawa orodha ya kampuni katika matabaka. Kampuni zote kubwa huulizwa bila kupigiwa kura, ndogo huchaguliwa kwa sampuli, na kila ndogo iliyochaguliwa hupewa uzito kulingana na idadi ya wenzake inaowawakilisha. Isiyojibu haiandikwi sifuri. Hufuatwa, na ikishindikana hukadiriwa kutokana na jibu lake la mwaka uliopita au na kampuni zinazofanana nayo, na makadirio hayo hutangazwa kuwa ni makadirio. Majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuliyojiunga nayo mwaka 2022, wana uzoefu wa kazi hii. Nchini Tanzania, Benki Kuu, kituo cha uwekezaji na ofisi ya takwimu wamekuwa wakishirikiana kuchunguza mitaji ya kigeni tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na Uganda na Kenya nazo hufanya uchunguzi wa aina hiyo.

Wapo watakaosema: nchi ambayo haijafanya sensa ya watu tangu mwaka 1984, na ambayo mashariki yake inawaka vita, itawezaje kuchunguza mitaji? Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya kazi mbili. Sensa ya watu hupita nyumba kwa nyumba. Uchunguzi wa mitaji humfuata mhasibu, na mhasibu wa kampuni kubwa yuko mjini, mara nyingi mbali na mstari wa mapigano. Barabara ya Masisi ikifungwa, vitabu havifungwi. Ila hoja hiyo inatukumbusha mpaka ambao takwimu haziruhusiwi kuuvuka. Rubaya, katika Masisi, iko chini ya M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba koltani isiyopungua tani 120 kwa mwezi ilikuwa ikivushwa kwenda Rwanda. Biashara hiyo si uwekezaji wa kigeni, na jasho la mchimbaji wa shimoni Rubaya halipaswi kupakwa rangi ya mtaji wa mtu yeyote. Mahali ambapo serikali haiwezi kuuliza, iache nafasi wazi na iseme sababu. Nafasi iliyoachwa wazi kwa uaminifu ina faida kuliko tarakimu ya kubuni.

Wengine watasema kampuni zitadanganya, au zitakataa kufichua siri zao. Hapo ndipo sheria inapohitajika, na ni sheria yenye pande mbili. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1976. Inalazimisha kampuni kujibu, na wakati huohuo inakataza majibu yao kutumiwa kwa jambo lolote nje ya takwimu, hata kutoza kodi. Kampuni ikijua kwamba jibu lake halitaishia mezani kwa mtoza ushuru, ina sababu ndogo ya kudanganya. Hata hivyo majibu yapimwe kwa vipimo vingine: ripoti za masoko ya hisa, ripoti za ITIE (mpango wa kimataifa wa uwazi katika sekta ya madini na mafuta), na hesabu ambazo nchi za wawekezaji zenyewe hupeleka Shirika la Fedha la Kimataifa katika uchunguzi wake wa pamoja ulioanza mwaka 2009. Kuna ugumu wa kweli hapa kwetu. Kanuni ya siri hukataza kutangaza tarakimu ambayo kampuni moja inaitawala, na tarakimu ya migodi ya Walikale ingekuwa karibu yote ni ya Bisie. Lakini kanuni hiyo huachia mlango: kampuni yenyewe ikikubali, tarakimu hutangazwa. Kampuni ambayo kampuni mama yake tayari huwaandikia wanunuzi wa hisa wa Toronto kila robo mwaka haina sababu nzuri ya kuwanyima wakaaji wa Walikale habari hizohizo, na serikali, ikiwa na asilimia 5 yake, ina haki ya kuziomba.

Mwisho, mama anayelima mihogo na ndizi hapa Kibua atauliza haya yote yatamletea nini. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa maeneo ya utawala ya mashinani, na inadai kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Viongozi wetu hukaa mezani na kampuni kuzungumzia shule, zahanati na barabara bila kujua faida ilikuwa kiasi gani, ni kiasi gani kilichobaki mgodini na kiasi gani kilichoondoka, wala ni nani mbali huko mwenye neno la mwisho. Anayejadiliana bila hesabu hupokea anachopewa. Tunaiomba Benki Kuu ya Kongo na Taasisi ya Taifa ya Takwimu zifanye uchunguzi huu kila mwaka: kampuni kubwa zote ziulizwe, ndogo kwa sampuli, mwenye mali wa mwisho atajwe, na matokeo yagawanywe kwa mkoa na teritwari. Tunawaomba wabunge wa Kivu Kaskazini wautafutie sheria na bajeti. Kampuni za kuuliza si nyingi, kwa hiyo gharama ni ndogo kulingana na mali inayotoka katika ardhi hii, na wakaaji wa ardhi hii wana haki ya kujua hesabu yake.