Gari la Chama Linapozimika Njiani: Mazungumzo juu ya Sensa ya Krenki

(Mazungumzo yaliyotolewa Bujora mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya kifaa cha gari kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, na sina shaka wapo wanaojiuliza kwa nini mkutano huu utumie muda wake kwa kidude hicho wakati yapo mambo ya mizani, magunia na malipo ya wakulima. Jibu langu ni kwamba kidude hicho kilikaribia kumfukuzisha kazi dereva mwaminifu, nami nilikuwapo.

Chama hicho sitakitaja jina. Kilikuwa na pikapu ya petroli iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika Japani, kama yalivyo magari yetu mengi. Ndiyo iliyobeba dawa na mbegu, ndiyo iliyompeleka karani wa malipo vituoni, na usiku ndiyo iliyowakimbiza wagonjwa na kina mama wajawazito hospitali. Msimu mmoja ikaanza kuzimika katika barabara ya Musoma, kati ya Kisesa na Magu, jua likiwa la utosi. Haikutetemeka wala kukohoa. Ilikata ghafla kama taa. Dereva akaita fundi, fundi akafika baada ya saa moja kwa pikipiki, akageuza ufunguo, injini ikawaka mara moja. Jambo hilo likatokea tena na tena.

Sasa fikirini, ninyi mlio katika kamati, mngesema nini? Walisema dereva anauza petroli na kutunga visingizio, na wengine wakanong'ona kwamba gari limetupiwa jicho. Ikanunuliwa pampu ya mafuta, kisha koili, kisha plagi zote, na gari likaendelea kuzimika. Dereva akapewa barua ya onyo. Hatimaye akaja fundi mwingine, mtu mpole asiye na maneno mengi, akaiacha injini iwake uani mwa ghala mchana kutwa mpaka ikapata joto kamili. Ikazimika yenyewe mbele ya wajumbe, dereva akiwa amekaa chini ya mwembe mbali nayo. Fundi akachukua tambara bichi, akalibana juu ya kifaa kimoja ubavuni mwa injini, akasubiri kidogo, akawasha, ikawaka. Kifaa hicho ndicho sensa ya krenki.

Sensa hii si ile ya kuhesabu watu iliyofanyika nchini mwaka 2022, ingawa kwa kweli nayo kazi yake ni kuhesabu. Chini ya kila injini upo mhimili uliopindapinda, uitwao krenkishafti, ambao hugeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Juu ya mhimili huo limefungwa gurudumu lenye meno, na sensa imekaa kando yake, ikiachana na meno hayo kwa nafasi ya kama milimita moja tu. Kila jino linapopita, sensa hutuma ishara ndogo ya umeme kwenye kompyuta ya gari. Magari mengi ya Toyota yana gurudumu lililogawanywa kwa meno 36, lakini mawili yameondolewa makusudi, yakabaki 34. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ishara 1,700 hupita kila sekunde.

Kwa nini meno mawili yaondolewe? Hapa Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma na uwanja ambao Bagika na Bagalu hushindania ngoma, nadhani sitapata taabu kueleza. Mpigaji akipiga mapigo yaliyo sawasawa bila kuacha pengo, mchezaji hajui mzunguko unaanzia wapi. Akiruka pigo mahali palepale kila mara, wote hujua: hapa ndipo tunapogeuka. Lile pengo la meno ndilo linaloiambia kompyuta mhimili umefika wapi, nayo kompyuta hujua ni lini plagi itoe cheche na ni lini nozeli imwage petroli. (Kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili kwa kila awamu ya kazi, yuko msaidizi wa pili, sensa ya kemshafti, anayeonyesha ni zamu ya silinda ipi. Huyo tumwache kwa leo.) Ngoma ikinyamaza, wachezaji husimama. Ndiyo maana sensa ikikata ishara, kwa magari mengi cheche na petroli hukoma kwa pamoja, na gari huzimika bila kuaga.

Wazee waliopo watakumbuka Bedford na Land Rover zilizobeba pamba yetu kabla vyama vikuu havijavunjwa mwaka 1976. Injini zao za petroli zilitumia pointi ndani ya distributa, na dereva mwenye kipande cha msasa aliweza kujiokoa porini. Hata leo dizeli zenye pampu ya kimakanika, kama Land Cruiser za injini ya 1HZ na Fuso nyingi za zamani, haziitegemei sensa hii ili zipate kuwaka. Lakini dizeli za siku hizi zinazoongozwa na kompyuta huitegemea kabisa, sawa na za petroli. Katibu anayenunua gari kwa fedha za wanachama yafaa ajue analonunua ni la namna gani, kwa maana la kwanza litamtaka fundi wa spana, na la pili litamtaka fundi mwenye spana na mashine ya kusomea kompyuta.

Kuna sensa za aina mbili. Ya kwanza ina sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Mara nyingi hutoka na nyaya mbili, nayo hujizalishia umeme wake meno yanapopita. Hii ndiyo yenye ugonjwa niliousimulia. Waya ule ukizeeka hupata ufa usioonekana. Injini ikipata joto waya hutanuka na ufa hufunguka, ikipoa hujifunga. Fundi anapofika baada ya saa moja haoni kitu. Aina ya pili huwa na nyaya tatu, hupewa umeme na gari lenyewe, na hufanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall wa Marekani mwaka 1879. Tofauti hii si ya kitabuni tu. Ile ya nyaya mbili hupimwa kwa mita ya omu, ikiwa baridi na tena ikiwa moto, na vipimo hulinganishwa na kitabu cha gari hilo. Ile ya nyaya tatu haipimwi hivyo, na fundi anayeichomeka mita ya omu kisha akatangaza kwamba imekufa hajui anachopima.

Dereva naye anaweza kusaidia bila mita yoyote. Gari likikataa kuwaka, atazame mshale wa mzunguko wa injini wakati staata inapozungusha. Katika magari mengi, mshale usipotikisika hata kidogo, sensa ya krenki ni ya kwanza kushukiwa. Nasema kushukiwa, sisemi kuhukumiwa. Mashine ya fundi ikionyesha namba P0335, maana yake ni kwamba kompyuta haipati ishara sawasawa. Huenda sensa ni nzima na kosa liko kwenye waya uliokatika, soketi yenye kutu au jino lililovunjika. Betri dhaifu nayo huzungusha injini polepole mno, na sensa ya sumaku hutoa ishara hafifu. Kwa hiyo betri na vichwa vyake vikaguliwe kabla hamjafungua pochi.

Na matunzo? Adui mkubwa huku kwetu ni panya. Gari linalolazwa kando ya ghala la mbegu huliwa nyaya, na nimeona waya wa sensa umeguguniwa kama muhogo. Dereva afungue boneti kila asubuhi atazame. Adui wa pili ni oili: sili ya krenki ikivuja, oili na matope ya mbugani hujikusanya juu ya sensa na kulainisha mpira wa nyaya zake, sili ibadilishwe, isingojewe. Wanaoosha injini kwa mashine ya maji yenye nguvu wakatazwe kabisa kuelekeza maji kwenye soketi. Sensa ikifunguliwa, na kwa kawaida hushikwa na boliti moja tu, ncha yake ifutwe kwa kitambaa safi, kwa sababu sumaku huvuta unga wa chuma. Mpira wake wa duara upakwe oili kidogo, irudishwe kwa mkono, isigongwe kwa nyundo. Nyaya zifungwe mbali na bomba la moshi.

Mkilazimika kununua mpya, msimtume mtu mjini na maneno matupu. Aende na namba ya injini, namba ya chesisi, na ile ya zamani mkononi, alinganishe urefu, tundu la boliti na soketi. Zipo nyingi za bei ya chini zinazofanana kwa sura tu, na tofauti ya milimita moja inatosha kuzuia gari lisiwake.

Nawaomba makatibu kila gari liwe na daftari lake. Likizimika, iandikwe saa, mahali, limetembea muda gani, injini ilikuwa na joto kiasi gani, mshale ulitikisika au la, na lilipoa muda gani kabla ya kuwaka tena. Katika chama kile niliosimulia, mistari mitatu ya namna hiyo ingemwonyesha fundi wa kwanza kwamba ugonjwa ni wa joto, nayo kamati isingenunua pampu. Barua ya onyo ilifutwa katika kikao kilichofuata na jambo likaandikwa katika kumbukumbu. Dereva bado yuko kazini.

Nimeleta sensa mbili, moja ya nyaya mbili na moja ya nyaya tatu, pamoja na gurudumu la meno lililotolewa katika injini iliyokufa. Viko mezani. Sogeeni mvishike, kisha tuanze maswali.