Damu ya Muuguzi Inatuambia Nini?



Leo hatuongei habari za mbuzi wala mikopo. Tukumbushane mwaka 2020. Korona ilipoingia nchini mwezi wa Machi, kikundi kimoja tunachokitembelea hapa Naivasha kilimwambia mwanachama wake, mama muuguzi, asikanyage mkutanoni. Mchango wake wakaupokea kwa simu. Sisi tulijua, tukanyamaza. Hilo ni kosa letu.

Sasa sikilizeni. Mwaka huo huo, kuanzia mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Desemba, watafiti wa KEMRI walipima damu ya wahudumu wa afya 684 huko Nairobi, Busia na Kilifi. Kipimo cha puani humtafuta mdudu mwenyewe. Hiki cha damu hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda ukipigana na mdudu. Vita vikiisha, askari hubaki kwa muda. Na chanjo ilikuwa haijafika Kenya. Ilifika Machi 2021. Kwa hivyo askari hao waliletwa na ugonjwa, si sindano.

Walikadiria kwamba Nairobi, kati ya kila wahudumu 100, kama 44 walikuwa wameshaambukizwa. Busia 13 hivi, Kilifi 12. Naivasha hatukuwa katika hesabu hiyo, lakini barabara kuu ya Nairobi inapita mlangoni petu.

Mtu atauliza: “Si basi ndio waliotuletea?” Hapana. Kingamwili ni kama nyayo za kiboko shambani: zinaonyesha alipita, hazisemi yuko hapo sasa. Hazisemi mtu anaambukiza leo, wala nani alimwambukiza nani. Tena si ngao kamili. Mwenye nazo aweza kuugua tena, bado anahitaji barakoa na glavu.

Tufanye nini ugonjwa kama huo ukirudi?

1. Mhudumu asifukuzwe kikundini. Akiugua, apumzike, nasi tumpelekee chakula.
2. Majibu ya damu ni siri ya mwenyewe. Tusiyaulize.
3. Tuulize zahanati yetu: wauguzi wana barakoa na maji ya kunawa? Kama hawana, tuseme kwenye baraza.

Yule mama hakulipiza. Chanjo ilipofika, ni yeye aliyetudunga. Mwenyekiti wake yuko hapa leo. Tunamwomba, mkutano ujao, amwekee mama kiti chake.