Hotuba juu ya Kazi ya Bibi Frances Stewart, Mwanauchumi



Karani huandika majina ya watu kila siku, walakini ni mara chache aulizwapo: katika orodha ya mishahara, watu wa jimbo gani ndio wengi juu, na wa jimbo gani ndio wengi chini? Yuko mwanauchumi wa Uingereza aliyelipeleka swali hilo katika nchi nyingi, akaonyesha kwamba jibu lake laweza kuwa mbegu ya vita. Naye ni Bibi Frances Stewart wa Chuo Kikuu cha Oxford.

Alizaliwa mwaka 1940, binti wa Nicholas Kaldor, mwanauchumi mashuhuri mwenye asili ya Hungary. (Ndugu yake, Mary, ni mtaalamu wa habari za vita, yaonekana nyumba ile haikukosa mazungumzo.) Kitabu chake cha mwaka 1977, juu ya ufundi na nchi maskini, kilichukua mifano Kenya: vinu vya kusaga mahindi na utengenezaji wa matofali ya saruji. Mwaka 1987, pamoja na Giovanni Andrea Cornia na Richard Jolly, alitoa kitabu cha UNICEF kilichodai kwamba serikali zipunguzapo matumizi, watoto wa maskini wasibebeshwe mzigo.

Lakini jambo lililoniletea hotuba hii ni mhadhara wake wa Helsinki, Desemba 2001. Alisema kwamba wanauchumi wamezoea kupima tofauti kati ya mtu na mtu, tajiri juu na maskini chini. Hiyo ni tofauti ya wima. Yeye akataka ipimwe pia tofauti ya ulalo, yaani kati ya kundi na kundi, liwe la kabila, la dini au la jimbo. Wala si fedha peke yake, bali ardhi, shule, vyeo vya serikali, na hata heshima ipewayo lugha ya watu na sikukuu zao.

Miaka ile ile Paul Collier na Anke Hoeffler, nao wa Oxford, walitoa hesabu zilizoonyesha kwamba ukosefu wa usawa hauelezi sana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Walakini kipimo chao cha mapato na ardhi kilikuwa cha wima. Maskini mmoja haanzishi vita. Huhitaji wenzake wanaojiona ndugu zake, na huhitaji viongozi. Kundi zima likiwa maskini, na wakubwa wake wakifungiwa mlango wa serikali, basi wafuasi wana sababu na viongozi wana sababu, na hapo hatari huwa kubwa kabisa. Mwaka 2011 Lars-Erik Cederman na wenzake walipima makundi ya nchi nyingi za dunia, wakaona vivyo hivyo.

Dawa ni ngumu kuliko ugonjwa. Baada ya ghasia za Mei 1969, Malaysia iliweka shabaha kwamba Wamalay na wenyeji wengine wawe na asilimia 30 ya hisa za makampuni ifikapo 1990. Vita havikutokea, ila watu wengi walinung'unika kwamba faida iliwafikia wachache wenye kujuana na wakubwa. Kenya nayo, baada ya mauaji yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilitunga sheria mwaka 2008 kwamba ofisi yoyote ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wa kabila moja.

Hapa ndipo kalamu yangu husita. Ili kuishika sheria kama hiyo, sharti karani aandike kabila la kila mtu. Rwanda, vitambulisho viliandikwa kabila tangu enzi ya Wabelgiji, na mwaka 1994 vilitumiwa katika vizuizi vya barabarani kuchagua wa kuuawa. Bibi Stewart mwenyewe amekiri kwamba hatua za namna hii zaweza kukaza mipaka ya makundi, naye ataja njia nyingine, kama vile kugawa fedha za shule na barabara kwa kufuata majimbo yaliyoachwa nyuma. Mimi naona hesabu ya wilaya, isiyo na majina, yatutosha kazini. Wenzangu wasioafiki, nawakaribisha waseme sasa.